Aiskrimu ya ndizi, lambalamba, barafu ya kukwangua au mtindi wa kugandisha: utengeneze ipi nyumbani?

Anayejaribu kutengeneza kitindamlo cha baridi cha matunda bila sukari, mara ya kwanza mara nyingi huambulia jiwe. Juisi ya embe tamu inaingia friza jioni, asubuhi inatoka ngumu kama tofali. Kijiko kinapinda, na ukilamba unakuta barafu tupu upande mmoja, utamu wote umejikusanya upande wa pili. Kosa halikuwa kwenye embe. Sukari kwenye aiskrimu ina kazi mbili, na sisi huikumbuka moja tu, ile ya utamu.

Kazi ya pili ni ulaini. Maji matupu huganda kwenye nyuzi 0. Yakiwa na sukari yanadai baridi kali zaidi, na kila sehemu ya maji inapoganda, sukari inahamia kwenye maji yaliyobaki na kuyafanya mazito zaidi. Ndiyo maana hata kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kuna maji kidogo ambayo hayajaganda, na hayo ndiyo yanayoruhusu kijiko kupita. Barafu laini ya matunda ya kuchota kwa kijiko huwa na sukari asilimia 20 hadi 30. Embe lililoiva lina takriban asilimia 14, ndizi mbivu 12, nanasi 10, papai 8, tikiti 6. Hakuna hata moja linalofika peke yake.

Kwa hiyo ukitaka kuipunguza sukari, jiulize kwanza ni nini kitashika nafasi yake. Njia nne zilizo hapa chini zinajibu swali hilo kila moja kivyake: ndizi inaweka unene wake, barafu ya kukwangua inaweka kazi ya mkono, mtindi unaweka mafuta na protini, na lambalamba inakubali kuwa ngumu kwa sababu inalambwa, haichotwi. Ukilielewa hilo, kuchagua ni rahisi.

Aiskrimu ya ndizi

Ukiwa na blenda, anzia hapa. Haihitaji hata chembe ya sukari, na inakaribia aiskrimu ya dukani kwa ulaini kuliko hizo nyingine zote. Nyama ya ndizi ina pektini na nyuzinyuzi zinazoyashika maji yasijikusanye kuwa chenga kubwa za barafu. Ikisagwa ikiwa imeganda, inabeba na hewa kidogo ndani yake, ikawa kama krimu.

Kwa watu 3 au 4 tumia ndizi 4 kubwa za mtwike, au kisukari 9 hadi 10, ili upate gramu 400 hivi za nyama. Ziwe zimeiva mpaka ganda lina madoadoa meusi. Ndizi inapoiva, wanga wake unageuka sukari, kwa hiyo ndizi ya madoadoa ni tamu zaidi na pia laini zaidi ikiganda. Iliyo njano safi yenye kijani kwenye kikonyo itakupa aiskrimu yenye ukakasi unaobaki mdomoni. Mzuzu na mkono wa tembo waachie kikaango: hata zikiiva bado zina wanga mwingi, na zikisagwa zinanata kama gundi.

Menya kabla ya kugandisha. Ndizi iliyoganda na ganda lake haimenyeki, utaichuna kwa kisu na nusu itabaki kwenye ganda. Kata vipande vya unene wa sentimita moja na nusu, vinyunyizie ndimu kidogo visifanye weusi, vitandaze kwenye sinia bila kugusana, na uache saa 6. Vikishaganda ndipo uvikusanye kwenye kopo lenye mfuniko. Ukivirundika vikiwa vibichi vitashikana kuwa bonge moja, na bonge hilo ndilo linaloua blenda.

Sasa kusaga, na hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema. Toa vipande, viache mezani dakika 5 hadi 8, tia kwenye blenda visizidi nusu ya jagi. Washa na kuzima kwa vipindi vifupi. Kwanza utaona chenga kavu kama makombo ya mkate. Halafu vinashikana kuwa madonge yanayozunguka bila kusagika, na kisu kinazungukia hewa tu. Zima, sukuma madonge chini kwa mwiko, washa tena. Wengi hapo humimina nusu kikombe cha maziwa, na kwa kufanya hivyo wanajipatia juisi nzito ya ndizi. Vumilia. Ongeza kijiko kimoja cha chakula cha tui zito au maziwa, si zaidi ya vitatu kwa jumla. Baada ya kusukuma mara nne au tano, ghafla uso unang'aa na kulainika, na mwiko ukiupitisha unaacha mfereji usiojifunika. Zima papo hapo, maana kisu kikiendelea kinapasha joto na kuyeyusha.

Blenda nyingi za nyumbani ni za wati 300 hadi 500. Usiendeshe zaidi ya sekunde 30 mfululizo. Ukisikia harufu ya waya kuungua, au chini ya jagi pakiwa pa moto ukigusa, chomoa na uache robo saa. Vipande vidogo na zile dakika chache mezani ndivyo vinavyookoa mota.

Kuchanganya na tunda lingine inawezekana, kwa kiasi cha sehemu mbili za ndizi kwa sehemu moja ya tunda hilo, kwa uzito. Chagua tunda lenye sauti kubwa: pasheni, ukwaju mzito, embe, nanasi lililogandishwa. Tikiti na papai humezwa, hutasikia ladha yake kabisa. Na kama nyumbani hawapendi ladha ya ndizi, weka parachichi moja mahali pa ndizi mbili. Mafuta yake, asilimia 15 hivi, yanalainisha vizuri sana. Sukari ya parachichi, hata hivyo, haifiki asilimia moja, kwa hiyo utamu utautafuta kwingine, mfano tende 5 au 6 zilizolowekwa kwenye maji moto na kusagwa.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba aiskrimu ya ndizi ni ya kuliwa leo. Ukiirudisha friza usiku mzima inakuwa gumu na kuanza kugeuka kahawia. Ukilazimika, iache nje dakika 15 kisha isage tena.

Barafu ya kukwangua

Hii ni ya mtu asiye na blenda, au mwenye tunda la maji mengi. Unaigandisha juisi kwenye trei, na kila mara unaikwangua kwa uma kabla haijashikana. Chenga zinabaki ndogo kwa sababu hukuzipa nafasi ya kukua. Mkono wako umefanya kazi ambayo sukari ingeifanya.

Chukua kilo moja ya nyama ya tikiti bila mbegu, iponde na kuichuja (uma na chujio vinatosha), tia juisi ya ndimu mbili, chembe ya chumvi, na sukari vijiko 2 vya chakula ukipenda. Mimina kwenye trei ya bati au alumini, kina kisizidi sentimita 3. Trei ya chuma inapitisha baridi haraka, ya plastiki itakuchukua karibu mara mbili ya muda. Baada ya dakika 45 kingo zitakuwa zimeganda na katikati bado maji. Kwangua kingo, zisukume katikati. Rudia kila nusu saa, mara 4 au 5. Kwenye saa ya tatu utakuwa na chenga nyepesi, kavu, zinazomwagika kwenye kijiko kama chumvi ya mawe.

Ukisahau ukaikuta jiwe, haijaharibika. Iache mezani dakika 10 na uikwangue kwa nguvu kutoka pembeni, safu kwa safu.

Matunda yake ni tikiti, machungwa, ukwaju, madafu na pasheni. Embe na ndizi hapana, kwa sababu rojo zito halitoi chenga, linatoa matope. Pasheni ina ukali, kwa hiyo sukari haiepukiki: pasheni 12 hutoa kama kikombe kimoja cha juisi, ongeza vikombe viwili vya maji na vijiko 6 vya chakula vya sukari. Hizo ni gramu 75 hivi, na kwa watu 6 kila mmoja anapata 12 au 13.

Mtindi wa kugandisha

Ukitaka chakula kinachoshibisha, kwa mfano cha mtoto aliyetoka shule au mgonjwa asiyekula vizuri, njia hii inazizidi zote kwa protini. Pia inadai subira kuliko zote, na ndiyo inayoharibika kirahisi.

Anza na kilo moja ya mtindi mzito usio na sukari, uliotengenezwa kwa maziwa yenye mafuta yake yote. Ule wa dukani wenye ladha ya stroberi au vanila tayari umetiwa sukari, soma kopo. Mimina kwenye kitambaa safi juu ya chujio, weka kwenye jokofu saa 3 hadi 4. Maji ya kijanjano yatachuruzika na utabaki na gramu 500 hadi 600 za mtindi unaosimama kwenye kijiko. Usiruke hatua hii. Yale maji ndiyo yangekuwa chenga za barafu zinazokwaruza ulimi. (Usiyamwage; yanakandia unga wa chapati vizuri sana.) Maziwa mgando ya kienyeji yanafaa pia, ila yachujwe usiku kucha kwa sababu ni mepesi na makali zaidi.

Changanya na gramu 400 za rojo la embe, vijiko 2 vya asali na nusu kijiko cha chai cha iliki iliyosagwa. Embe lenye nyuzi nyingi lipitishe kwenye chujio kwanza. Ngowe halisumbui, nyama yake haina nyuzi za kusema. Weka kwenye bakuli la chuma friza, na kila dakika 40 lipige kwa uma au mchapo mpaka pembeni palipoganda paungane na katikati. Mara 4 zinatosha.

Kuna makosa mawili yanayowapata hata wazoefu. La kwanza ni mtindi usio na mafuta. Unaonekana ndio wa afya zaidi, lakini mafuta ndiyo yanayozitenganisha chenga, na ukiyatoa unakula barafu chachu. La pili ni nanasi bichi na papai bichi, yaani ambayo hayajapikwa, hata yakiwa yameiva vipi. Matunda haya yana vimeng'enya vinavyokata protini ya maziwa, ndivyo vilevile vinavyolainisha nyama ngumu ukiipaka papai. Ukivichanganya na mtindi, ndani ya saa chache mchanganyiko unakuwa mwepesi na uchungu unaingia. Friza haiviui, inavipunguza mwendo tu. Chemsha vipande vya nanasi dakika 5, viache vipoe kabisa, ndipo uchanganye.

Lambalamba

Yenye kazi ndogo kuliko zote, na kwa watoto haina mpinzani. Ugumu hapa si kasoro. Hata hivyo kuna tofauti kubwa kati ya lambalamba nzuri na ile ambayo ukiinyonya mara tatu ladha yote imetoka na umebaki na barafu nyeupe kwenye kijiti. Hiyo ya pili ni juisi nyepesi. Lambalamba itengenezwe kwa rojo: gramu 500 za embe au papai lililosagwa, nusu kikombe tu cha maji, tui au mtindi (mtindi kwa embe tu, si kwa papai bichi), na juisi ya ndimu moja. Inatoa kama 8 za ukubwa wa kikombe kidogo cha kahawa.

Rojo bora kuliko yote kwa kazi hii, kwa maoni yetu, ni la ubuyu. Unga wake mweupe umejaa pektini, kwa hiyo unayashika maji kama ndizi inavyoyashika, na barafu yake inang'atika bila kuvunja jino. Loweka vikombe viwili vya ubuyu wenye kokwa kwenye vikombe vitatu vya maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, nusu saa. Sugua kwa mkono safi mpaka kokwa zibaki nyeusi zinazoteleza, chuja. Uji utakaotoka uwe mzito kama uji wa mtoto. Ukiwa mwepesi kama maziwa, umezidisha maji. Ubuyu peke yake ni mkali, hivyo saga humo ndizi mbivu mbili au tende 8, na sukari utaipunguza sana au kuiacha kabisa.

Onja kabla ya kugandisha, na ukionja uhisi utamu umezidi kidogo. Ulimi uliopoa hausikii utamu vizuri, kinachoonekana sawasawa kwenye joto la jikoni kitakuwa chapwa kikiganda. Badala ya kukimbilia sukari, jaribu tunda lililoiva zaidi, chembe ya chumvi, au iliki.

Jaza vikombe ukiacha sentimita moja juu, maana maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Kijiti usikichomeke mwanzoni, kitalala. Subiri saa moja hadi moja na nusu, mchanganyiko uwe kama uji mzito, ndipo ukisimamishe. Kutoa, zamisha kikombe kwenye maji ya uvuguvugu sekunde 10 na uvute polepole. Ukitumia maji ya moto, uso wote unayeyuka na kijiti kinatoka peke yake.

Maji yoyote unayotia yawe yamechemshwa. Friza haiui vijidudu vya kipindupindu wala vya kuhara, inavilaza tu, na vikifika tumboni vinaamka.

Kuhusu neno "afya"

Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2015, linashauri sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima, vijiko 6 vya chai. Sukari huru ni ile unayoongeza, pamoja na ya asali na ya juisi. Kwa hiyo kubadilisha sukari kwa asali hakukuokoi kwenye hesabu hiyo, na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa. Tende zina nyuzinyuzi, lakini takriban theluthi mbili ya uzito wake ni sukari. Zihesabu. Barafu ya kukwangua inayotokana na juisi iliyochujwa iko nyuma ya ndizi na lambalamba ya rojo hapa, kwa sababu makapi yenye nyuzinyuzi umeyatupa. Kwa mwenye kisukari nyumbani, mtindi wenye tunda kidogo na bila asali ndio wa kwanza kufikiriwa, na kipimo kisizidi nusu kikombe.

Basi, ipi?

Angalia kwanza friza yako, hata kabla ya tunda. Kijumba cha juu cha jokofu la mlango mmoja mara nyingi hakifiki nyuzi 18 chini ya sifuri. Kinagandisha polepole, na kuganda polepole ndiko kunakozaa chenga kubwa. Mtindi humo utakusikitisha. Lambalamba na vipande vya ndizi vitafaulu, uvipe tu usiku mzima. Barafu ya kukwangua nayo inawezekana ukitumia trei nyembamba.

Baada ya hapo, blenda. Ikiwepo na watu ni wachache wa kula papo hapo, ndizi. Isipokuwepo, kwangua. Wageni 15 wanakuja Jumamosi? Lambalamba, kwa sababu unazitengeneza Alhamisi na siku ya wageni huna kazi. Mfungo wa Ramadhani ukiangukia miezi ya joto, barafu ya ukwaju au tikiti baada ya futari inashuka vizuri kuliko kitu chochote chenye maziwa. Mtindi uchague pale tu unapokuwa nyumbani mchana mzima na mtindi wenyewe ni mzuri. Mtindi wa wasiwasi hautengenezi kitu.

Kuhifadhi, na umeme ukikatika

Lambalamba zikishaganda zitoe kwenye vikombe, zifunge moja moja, zinakaa mwezi bila kupoteza ladha. Mtindi wa kugandisha ni wiki mbili. Ufunike kwa karatasi iliyogusa uso wake, hewa ikibaki juu inaota theluji. Utoe nje dakika 15 kabla ya kula.

Umeme ukikatika usifungue friza. Iliyojaa inashika baridi siku mbili hivi, iliyojaa nusu kama siku moja. Ikirudi, kagua: chochote ambacho bado kina chenga za barafu ndani kinaweza kugandishwa tena, ingawa hakitakuwa laini kama mwanzo. Lambalamba ya tunda iliyoyeyuka nusu ipige kwa uma uifanye barafu ya kukwangua. Cha maziwa kilichoyeyuka chote na kukaa kwenye joto zaidi ya saa 2, mwaga.

Na embe, msimu wake ukifika kilele Desemba na Januari na bei kushuka, zikate vipande, zigandishe kwenye sinia kama ndizi, uzifunge vizuri kwenye makopo. Zinakaa miezi 6. Ukifika Juni, wakati sokoni embe ni za kutafuta, utachota gramu 200 za embe, utaongeza ndizi 4 zilizoganda, na baada ya kusukuma kwa mwiko mara nne au tano utaona ule mfereji usiojifunika.